Picha Zirudi Nyumbani

Harusi ya Kigali ina picha nyingi kuliko wageni. Kuna picha za gusaba, pale wasemaji wa pande mbili wanaposhindana kwa maneno kabla binti hajatolewa. Kuna za gukwa, mahari inapotolewa, za kanisani au msikitini, za bustanini bibi harusi akiwa ndani ya umushanana wake, halafu za ukumbini mpaka usiku wa manane. Mpigapicha hurudi studio na mamia ya picha, pengine maelfu, na hapo hujahesabu simu za wageni. Zamani baada ya wiki kadhaa aliileta albamu nene, ikawekwa mezani sebuleni. Siku hizi analeta linki.

Linki hufunguliwa kwa shangwe. Picha chache zinapandishwa kwenye status ya WhatsApp, moja inakuwa picha ya wasifu, na zilizobaki zinaachwa huko huko zilipo. Huko, wasikilizaji, ni kwenye seva za kampuni ya nje, ndani ya akaunti ya mpigapicha, kwa masharti ambayo maharusi hawajayasoma. Siku mpigapicha akifuta folda ili apate nafasi ya harusi ya Jumamosi inayofuata, ndiyo basi. Huduma za kurushia mafaili makubwa, kama WeTransfer, hazingoji hata mtu afute: kwa asiyelipa, faili hukaa siku chache tu na linki inakufa.

Wengi waliamini kwamba hifadhi ya mtandaoni ni ya bure na ya kudumu, na hawakuwa wajinga. Kwa miaka 6 ilikuwa hivyo kweli. Google Photos ilipozinduliwa Mei 2015 iliahidi kupokea picha bila kikomo, mradi mwenyewe akubali zipunguzwe ubora kidogo, picha isizidi megapikseli 16. Tarehe 1 Juni 2021 ukarimu huo ukaisha. Tangu siku hiyo kila akaunti ina GB 15 za bure, nazo zinagombaniwa na picha, barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive. Apple hawakuwahi kuahidi makubwa: iCloud ilianza Oktoba 2011 ikiwa na GB 5 za bure, na ni hizo hizo 5 mpaka leo, ingawa video ya dakika chache tu ya simu mpya huweza kula GB nzima.

Kuna masharti mengine yasiyojulikana sana. Tangu Desemba 2023 Google ina ruhusa, kwa kanuni zake yenyewe, ya kuifuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka 2. Akaunti iliyozidisha nafasi yake kwa miaka 2 bila mwenyewe kulipa wala kupunguza inaweza kufutiwa vilivyomo. Mjukuu aliyemfungulia bibi yake wa Nyamagabe akaunti ya simu, kisha simu ikabadilishwa na nywila ikasahaulika, afanye hesabu ya miaka sasa hivi. Picasa, waliyoitumia wengi kabla ya Google Photos, ilizimwa 2016. Flickr iliponunuliwa na SmugMug 2018 iliwawekea wasiolipa kikomo cha picha 1,000, na mwaka uliofuata zilizozidi zikaanza kufutwa. Myspace nayo ilikiri 2019 kwamba ilipohamisha seva ilipoteza nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016. Nyingi hazikurudi.

Na hata kampuni isipobadili chochote, njia ya kuzifikia picha hizo ni ndefu. Rwanda haina bahari. Intaneti yake inapita Tanzania, au Uganda na Kenya, mpaka kwenye nyaya zilizolala chini ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote. Tanzania iliumia zaidi, Rwanda iliguswa kidogo. Picha zilikuwa salama salimini kwenye seva zake, ila kuzifungua ndiko kulikokuwa shughuli.

Kigali ina sababu yake ya kulichukulia jambo la picha kwa uzito kuliko miji mingi. Katika Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa 2004, kuna chumba ambamo picha za kawaida za familia zimetundikwa: watu kwenye sherehe, vijana waliosimama mbele ya nyumba, mtoto akiwa na nguo za sikukuu. Zililetwa na ndugu wa waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Nyumba zilichomwa na kuporwa, na albamu zikaenda pamoja nazo. Wapo manusura waliobaki na picha moja tu ya mzazi, na wapo wasio na hata hiyo moja. Mwaka 2010 hapo hapo Gisozi ikazinduliwa Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, inayokusanya ushuhuda, hati, ramani na picha na kuziweka katika mfumo wa kidijitali. Katika kazi hiyo ilishirikiana na maktaba za Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, ili kuwe na nakala mbali na Kigali pia. Kituo cha Iriba, kilichoanzishwa mjini Kigali na Assumpta Mugiraneza pamoja na mtengeneza filamu Anne Aghion, nacho hukusanya picha, filamu na sauti za zamani za Rwanda ili watu waje kuziona bila malipo.

Tazama walivyofanya Gisozi. Hawakuchagua kati ya nyumbani na ng'ambo. Walitaka kote kuwili. Mtu wa kawaida mwenye simu amefanya kinyume. Picha zake zote ziko ng'ambo, na nyumbani hana hata moja, isipokuwa vile vijipicha hafifu ambavyo simu humwonyesha ili aone kana kwamba zipo.

Kwa hiyo zirudi. Lakini zinarudije?

Kwa mwenye Google Photos njia ya uhakika ni Takeout, huduma ambayo Google imekuwa nayo tangu 2011. Zamani kulikuwa na programu za watu wengine, kama rclone, zilizoweza kuzivuta picha moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta. Kuanzia 31 Machi 2025 Google ilizibana: sasa programu ya nje inaona picha zile tu ilizozipakia yenyewe. Basi mwenyewe anaingia Takeout, anaondoa alama kwenye huduma zote, anaacha Google Photos peke yake, kisha anachagua ukubwa wa vifurushi vya zipu, hadi GB 50. Baada ya saa kadhaa, au siku, barua pepe inaingia ikiwa na linki za kupakulia. Hizo hudumu kama wiki moja. Anayetumia mtandao wa kuyumbayumba achukue vifurushi vya GB 2. Ni vingi na vinachosha kubofya, lakini kimoja kikikatika katikati hasara yake ni ndogo.

Hesabu ya muda ifanywe mapema. Picha 20,000 za MB 5 kila moja ni GB 100. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika, hizo ni saa 22. Kwa faiba ya nyumbani yenye megabiti 50 ni saa 4 na nusu hivi. Anayenunua bando kwenye simu asijaribu kabisa. Aende kwa ndugu mwenye faiba akiwa na diski yake ya nje. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku nzuri ya kuanza: mtu anaiacha kompyuta ikipakua, anachukua jembe anakwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, saa mbili asubuhi, na akirudi saa tano vifurushi kadhaa vimeshaingia.

Vifurushi vikishafunguliwa ndipo wengi hukwama. Kando ya kila picha kuna faili dogo la maandishi ambalo jina lake linaishia na json. Mtu akiyaona maelfu ya mafaili hayo huyadhania takataka, anayafuta. Asiyafute. Kila picha ya kamera hubeba ndani yake taarifa ziitwazo EXIF, kwa utaratibu uliotungwa Japani katika miaka ya 1990: tarehe, saa, aina ya kamera, mara nyingi na mahali. Kwa picha zilizopigwa kwa simu na kupakiwa moja kwa moja taarifa hizo hurudi zikiwa nzima, na maktaba ya picha kwenye kompyuta huzisoma na kuzipanga bila taabu. Shida ni yale ambayo mwenyewe aliyaongeza baadaye. Tuseme mtu alikwenda kuskani picha ya harusi ya wazazi wake ya 1987, akaipakia 2018, kisha akarekebisha tarehe ndani ya Google Photos ili ikae 1987. Marekebisho hayo yameandikwa kwenye faili la json, si kwenye picha. Picha yenyewe bado inajua 2018 tu. Akiiingiza kwenye kompyuta bila lile faili dogo, wazazi wake wataoana 2018, na yeye atakuwa mtu mzima siku ya harusi yao.

Hapa Google haina udhuru mzuri. Kampuni yenye wahandisi wa namna ile ingeweza kuandika tarehe sahihi ndani ya picha kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Haifanyi. Kazi hiyo ameachiwa mtumiaji, na chombo kinachosifiwa zaidi kwa kuifanya ni ExifTool, programu ya bure aliyoianzisha Phil Harvey mwaka 2003. Haina vitufe vya kubofya, inataka amri za kuandikwa, kwa hiyo wengi watahitaji kijana wa kompyuta wa jirani, na Nyamirambo hawakosekani.

Kijana huyo naye aonywe jambo moja. Saa iliyomo kwenye json ni saa ya dunia, ile inayofuatwa bila kujali nchi, na Kigali iko mbele yake kwa saa 2. Picha ya ukumbini iliyopigwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 14 Julai 2019 imeandikwa humo kuwa saa nne na nusu usiku, Jumamosi tarehe 13. Asipoongeza saa hizo 2, picha za harusi moja zitachanganyika na za siku nyingine. Ndugu wa Nairobi na Dar es Salaam waongeze 3.

Picha za WhatsApp ni kesi nyingine, na kusema kweli haina dawa kamili. WhatsApp huzibana picha na kuziondolea taarifa zake za ndani. Kinachobaki ni jina la faili, kwa mfano IMG-20190714-WA0012, ambalo linataja siku picha ilipoingia kwenye simu ile. Picha ya babu ya 1975 iliyotumwa na shangazi wiki iliyopita itakuwa ya wiki iliyopita. Shangazi akiombwa aitume upya kama faili, au kwa barua pepe, ubora utakuwa mzuri zaidi, lakini tarehe itabidi iandikwe kwa mkono, na ni shangazi mwenyewe anayeijua. Aulizwe mapema.

Wenye iPhone wana mtego wao. Kwenye kompyuta ya Mac, programu ya Photos inaweza kuonyesha picha zote za iCloud huku zenyewe hazimo. Katika mipangilio yake, sehemu ya iCloud, kuna chaguo mbili: moja inaokoa nafasi kwa kuweka vijipicha vidogo na kuacha picha halisi kwenye wingu, nyingine inapakua picha halisi zote kwenye Mac hiyo. Mpaka hiyo ya pili iwekewe alama na upakuaji uishe, mwenyewe hana kitu nyumbani, hata kama skrini imejaa sura za watoto wake. Mac ikiwa haina nafasi, maktaba yote inaweza kuhamishiwa diski ya nje. Programu ifunguliwe huku kitufe cha Option kimeshikiliwa, itauliza maktaba iko wapi. Mwenye Windows atumie iCloud ya Windows. Anayezipakua kupitia tovuti ya iCloud ajue kwamba kwa mara moja hawezi kuzidisha picha 1,000.

Tangu 2024 inawezekana pia kuzihamisha picha kutoka Google Photos kwenda iCloud bila kupitia kompyuta. Ni huduma nzuri kwa anayebadili simu, lakini ni kuhama nyumba ya kupanga kwenda nyingine ya kupanga.

Maktaba ipi basi? Kwa Mac, Photos inatosha. Kwa Windows au Linux, digiKam ni ya bure na inastahili jitihada ya kuizoea, kwa sababu inaacha picha kwenye folda za kawaida ambazo programu nyingine yoyote itaweza kuzisoma miaka 20 ijayo. Photos ya Mac, mtu asipobadili mpangilio, hunakili kila picha inayoingizwa, kwa hiyo folda ya zamani ikibaki nafasi inaliwa mara mbili. Takeout yenyewe huleta pacha: picha iliyo ndani ya albamu hutokea kwenye folda ya albamu na tena kwenye folda ya mwaka wake. Mac kuanzia toleo la Ventura la 2022 huzikusanya picha zilizojirudia mahali pamoja, na digiKam ina chombo chake cha kuzitafuta. Na zile za binamu wa Brussels kwenye albamu ya pamoja? Si za mwenyewe mpaka azihifadhi kwenye akaunti yake kwanza, ndipo aagize Takeout.

Sasa hatari kubwa kuliko zote. Mtu akishaona picha ziko kwenye kompyuta, mkono unamwasha afute za wingu ili ule ujumbe wa nafasi kujaa umtoke. Atulie. Google Photos na iCloud husawazisha: ukifuta kwenye simu, zinafutika kwenye wingu, na zinafutika kwenye kila kifaa kilichounganishwa, pamoja na ile Mac iliyopakua jana. Apple huziweka zilizofutwa kwa siku 30. Google huweka siku 60 zile zilizokuwa zimehifadhiwa kwake. Baada ya hapo hazipo. Kwa mwenye Mac, nakala ya pili kwenye diski isiyohusiana na iCloud ni lazima. Kabla ya kufuta chochote, ahesabu picha za mwaka mmoja pande zote mbili, afungue chache za zamani kabisa kwa ukubwa wake wote, acheze video mbili tatu mpaka mwisho. Mpigapicha Peter Krogh aliwafundisha wenzake kuweka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe mahali pengine. Wingu linafaa sana kuwa hapo mahali pengine. Hakuna ulazima wa kuliacha.

Kwa studio mambo yamepita hiari. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda data binafsi na faragha, inataka data za watu zinazoshughulikiwa zihifadhiwe nchini, na anayetaka kuziweka nje awe na idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria hiyo hiyo inampa mwenye data haki ya kuzihamisha. Sura ya bibi harusi ni data yake. Mteja anapoomba picha zake zote kwenye diski, asionekane msumbufu, na bei ya diski iingizwe kwenye mkataba tangu siku ya malipo ya kwanza.

Limebaki suala la mwenyewe akifariki, ambalo watu hawapendi kulisemea. Simu inafungwa na picha zinabaki ndani ya akaunti isiyofunguka. Google tangu 2013 ina mpangilio wa akaunti isiyotumika, ambapo mtu anamtaja atakayepokea vilivyomo baada ya muda aliouchagua. Apple iliongeza utaratibu wa kumtaja mrithi Desemba 2021. Kila mmoja unachukua dakika chache, na hauhitaji wakili.

Takeout ina chaguo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: kuagiza nakala mpya ijitengeneze kila baada ya miezi 2 kwa mwaka mzima, yaani mara 6. Msikilizaji mwenye GB 15 zinazokaribia kujaa aanzie hapo jioni hii, aandike kwenye kalenda mwezi ambao ataagiza upya, na awe na diski tayari kabla barua pepe ya kwanza haijaingia, maana linki zake hazikai zaidi ya wiki.